Moto Miwili, Kazi Mbili



Juma lililopita nimepata barua kutoka kwa baba mmoja wa upande wa Laela, katika nchi yetu hii ya Ufipa. Nayafupisha maneno yake. Mtoto wake wa kwanza, afanyaye kazi mjini, alikuja likizo akawaletea wazazi mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na jiko lake dogo la kupikia. Mama alishukuru sana, akaufunika mtungi kwa kitambaa kizuri, akauweka pembeni mwa chumba cha kulala. Hata leo haujawashwa, maana mama anauogopa. Baba naye hautukani, ila anaona kwamba gesi ni mambo ya watu wa mjini. Ameandika hivi: "Makaa yanapika, na tena yanatupa joto. Usiku wa Julai twaingiza jiko chumbani, na watoto hulala vizuri. Je, gesi yaweza hayo? Basi tuambie, bwana, tuchague kipi, gesi au makaa?"

Nimeisoma barua hii mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kidogo, kwa habari ya mtungi uliovishwa nguo kama bibi arusi. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu ya yale maneno ya jiko chumbani. Nitalijibu swali lote, lakini jambo la chumbani haliwezi kungoja, kwa hiyo naanza nalo.

Ndugu yangu, usiku wa leo usiingize jiko la makaa mahali mnapolala. Wala kesho. Wala baridi iwe kali namna gani.

Sababu yake ni hii. Kuni zikiwaka ndani ya nyumba, moshi wake hutuchoma macho, tukakohoa, tukaufungua mlango. Kuni ni adui mwenye kelele. Makaa hayana moshi mwingi, na hapo ndipo yanapotudanganya. Yakiungua pasipo hewa ya kutosha, hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikiingia mapafuni hupita katika damu, ikakaa mahali pa oksijeni, yaani ile hewa safi tunayoishi kwayo. Tena hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mtu huvuta pumzi kama kawaida, kifua chapanda na kushuka, lakini damu yake haichukui tena kile kinachohitajiwa na ubongo na moyo.

Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, na kulegea viungo. Miguu yake hukataa kumchukua hata kama ameufahamu mlango ulipo. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Watoto wadogo, wazee, na mama mwenye mimba huumizwa upesi zaidi, pamoja na yule aliye tumboni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda matanga katika kijiji kimoja cha nyanda hizi za juu. Ilikuwa nyumba ya vijana wawili waliooana, wenye mtoto wa miezi tisa. Nyumba yao ilikuwa mpya, ya matofali, madirisha yamekaza vizuri, mlango haupitishi upepo. Kijana aliijenga kwa bidii na majirani walimsifu. Usiku ule baridi ilikuwa kali, mtoto alikuwa na mafua. Wakaingiza jiko lenye makaa yaliyokwisha shika moto, wakayafunika majivu kidogo ili yadumu mpaka asubuhi, wakafunga. Asubuhi ng'ombe walilia zizini wala hapakuwa na wa kuwafungulia. Jirani alipobomoa mlango alimkuta baba yu hai, hajitambui. Mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufa. Nilipomwona yule kijana kaburini, alikuwa akirudia neno moja tu: "Sikusikia harufu yo yote."

Watu wengine walinong'ona kwamba wametupiwa jambo. Msomaji mpenzi, jina la mji wetu wa Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Tuutupe kweli. Kilichowaua ni jiko katika nyumba iliyofungwa. Tena ukiona watu wote wa nyumba moja wameamka na kichwa kinauma, kisha wakikaa nje saa chache wakapona, usimtafute mchawi. Tafuta jiko lililolala ndani.

Ukimkuta mtu katika hali ile, fungua mlango na madirisha yote, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, litoe na jiko, kisha mpeleke hospitali upesi. Huko atapewa oksijeni. Akiwa katika hewa ya kawaida damu yake huchukua saa 4 au 5 kupunguza nusu tu ya sumu ile. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua kama saa 1 au moja na nusu. Watu wengi hukimbilia kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi hewa hii katika damu, na mtu asiyejitambua aweza kupaliwa nayo akafa.

Sasa narudi kwenye swali la kuchagua.

Baba wa Laela auliza kana kwamba nyumba ni lazima iwe na moto mmoja. Mimi namwambia, anza kwa kuhesabu kazi, kisha uzipe kazi moto wake. Hii si elimu ngeni kwetu. Babu zetu wa Ufipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma, na mabaki ya matanuri yao yangali yakionekana katika nyanda hizi. Walikuwa na matanuri ya namna mbili. La kwanza ni ilungu, tanuri refu la udongo, urefu wake kama mita 3, lenye matundu chini pande zote. Hilo halikuvukutwa. Lilijivutia hewa lenyewe kwa urefu wake, na humo mawe ya chuma yaliyeyushwa pamoja na makaa na kuni. La pili ni kintengwe, tanuri dogo, lililovukutwa kwa mivukuto, na humo chuma kilichotoka katika ilungu kilisafishwa mpaka kikafaa kufuliwa jembe au shoka. Hapana fundi aliyeuliza, "Je, lipi bora, ilungu au kintengwe?" Kila tanuri lilikuwa na kazi yake. Tena angalia jambo la pili: mafundi wale walijua kwamba moto ni lazima uwe na njia ya hewa, nao wakaijenga njia hiyo kwanza. Sisi wajukuu wao tusiwe wa kuziba matundu.

Na wenzetu wa mbali hufanya vivyo hivyo. Huko Marekani, mahali ambapo majira ya baridi huleta theluji, nyumba nyingine zina mitambo miwili ya kuleta joto. Mmoja ni pampu ya joto. Huo hauchomi kitu. Hutumia umeme kuliokota joto lililomo katika hewa ya nje na kulileta ndani. Usishangae, maana hata hewa tunayoiita baridi ina joto ndani yake. Ukitaka kufahamu, fikiri jokofu la dukani: hulitoa joto ndani ya kabati na kulitupa nyuma, ndiyo maana mgongo wake huwa wa moto. Pampu ya joto ni jokofu lililogeuzwa. Siku za baridi ya kadiri hufanya kazi kwa gharama ndogo, kwa kuwa hulibeba joto badala ya kulizalisha. Lakini baridi ikizidi sana nguvu zake hupungua, na hapo hupokewa na mtambo wa pili, tanuri la gesi. Mwenye nyumba huweka kipimo ukutani, kwamba nje ikifika baridi kadha, pampu inyamaze na gesi ishike. Anakiweka kwa kutazama mambo mawili, nguvu ya mtambo na bei ya umeme na gesi mahali pake.

Sikusimulii haya ili utamani mitambo hiyo. Sisi hatuna theluji, na mitambo ile ni ya fedha nyingi. Nataka uchukue mafunzo matatu. Kwanza, kuwa na moto wa namna mbili si ufahari wala si kigeugeu, ni hesabu. Pili, mwenye nyumba hukata shauri mapema ni lini atumie huu na lini ule, hangoji kubahatisha kila siku. Tatu, pamoja na utajiri wao wote, moshi wa tanuri lao la gesi hutolewa nje kwa bomba, na bado watu wengi huweka chumbani kengele ya kuwaamsha ikiwa ile hewa ya sumu imeingia. Ikiwa wao wenye mabomba wanaiogopa, sisi wenye jiko la bati katikati ya chumba tuna nini cha kujivunia?

Haya, tuhesabu kazi za nyumba ya Mfipa. Asubuhi kuna uji au chai. Mchana na jioni kuna ugali na mboga. Kuna maharage, ambayo hukaa motoni muda mrefu. Kuna maji ya kuoga, maana maji ya mtungini katika nyanda zetu asubuhi ya Juni huuma kama nyuki. Mwisho kuna kuota moto, watu wakae pamoja jioni wakizungumza. Hizi ni kazi tano, nazo hazifanani.

Gesi ni bora kwa kazi fupi zinazotaka haraka, kama chai, uji, mboga, kupasha chakula, na maji ya mgonjwa usiku. Huwaka mara moja, na ukimaliza waizima mara moja, wala hupotezi kitu. Makaa hayako hivyo. Huchukua muda kushika, na chai ikiisha kuiva yangali yanateketea bure, yakila fedha yako. Lakini kwa chungu cha maharage, au ndoo ya maji ya kuoga watu sita, gesi huweza kazi, ila mtungi mdogo utaisha upesi na mama atavunjika moyo. Kazi hiyo bado yaweza kufanywa na jiko banifu la kuni au la makaa, nje au katika jiko lenye madirisha. Hapo magunzi ya mahindi, ambayo kila nyumba yetu inayo baada ya kupukuchua, yafanye kazi badala ya kutupwa. Na maharage yalowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa, sufuria ifunikwe. Mambo hayo mawili hupunguza sana moto unaohitajiwa.

Sasa bei. Siwezi kukuambia shilingi ngapi, maana bei ya Sumbawanga si bei ya Laela, wala ya leo si ya mwezi ujao. Nitakupa kipimo uhesabu mwenyewe. Kwa kadiri, kilo 1 ya gesi katika jiko zima hufanya kazi ya kupika sawa na kilo 3 au 4 za makaa katika jiko la kawaida la bati. Basi mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 18 mpaka 24 za makaa. Chukua makaa unayonunua, yapime kwa mizani ya muuza mahindi, ujue kilo moja yakupata kwa bei gani. Zidisha kwa 20. Linganisha na bei ya kujaza mtungi. Ikiwa makaa ni ghali zaidi, sogeza kazi nyingi kwenye gesi. Ikiwa ni rahisi sana, weka gesi kwa zile kazi fupi tu. Ikiwa una jiko banifu jema, hesabu kilo 1 ya gesi kuwa sawa na kilo 2 mpaka 3 za makaa. Hicho ndicho kipimo chako cha ukutani. Kiangalie tena kila bei zinapobadilika.

Najua baba mmoja atasema, "Sisi hatununui makaa, twachanja kuni, nazo ni bure." Bure kwa nani? Nyanda za Ufipa ni nchi ya majani, na miti yake ni michache. Wengi wenu mwajua umbali ambao mama na binti hutembea kutafuta mzigo mmoja. Mzigo huo hulipwa kwa mgongo wa mama na kwa saa za shule za binti. Mume asiyenunua gesi kwa kuwa kuni ni bure, hajahesabu. Ametupa tu hesabu yake juu ya kichwa cha mkewe. Na moshi wa kila siku katika jiko lisilo na dirisha hudhuru macho na mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulileta vifo vya watu milioni 3.2 duniani.

Tena makaa hula miti kuliko tunavyodhani. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya makaa hutaka kuni kilo 6 mpaka 10. Anayechoma gunia moja amekwisha kuyageuza magunia mengi ya kuni kuwa moshi porini. Tazameni Msitu wa Mbizi, ulio juu ya mji wa Sumbawanga. Ndani yake wamo mbega wekundu, wanyama ambao hawapatikani mahali pengi, na kutoka milima ile vijito hushuka kuelekea bonde la Rukwa. Msitu huo ukiisha, hakuna atakayetuletea mwingine kwa lori.

Serikali nayo imelishika jambo hili. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Shabaha ni njema. Lakini serikali haitakuja kuwasha jiko lako. Mtungi uliovikwa kitambaa pembeni mwa chumba haumpikii mtu.

Basi sasa naomba nizungumze na mama wa Laela. Mama, hofu yako si ujinga. Kitu kinachowaka ni lazima kiheshimiwe. Lakini heshima ni kujua sheria zake, nazo si nyingi.

Kwanza, uutoe mtungi chumbani leo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, bali hutambaa chini sakafuni kama maji na kujaa mahali pa chini. Kwa hiyo mtungi ukae jikoni, mahali penye mlango au tundu la chini la kupitisha hewa, usimame wima, usilazwe kamwe, wala usikae karibu na mafiga yenye moto.

Pili, pua yako ndiyo kengele. Gesi yenyewe haina harufu, lakini wanaoitengeneza huitia harufu mbaya kwa makusudi, ili mtu aijue ikivuja. Ukiisikia, usiwashe kibiriti, usiguse swichi ya taa, usiwashe tochi wala simu. Funga mtungi, fungua milango, toka nje na watoto, ungoje mpaka harufu iishe kabisa.

Tatu, kila ukibadili mtungi pima maungio kwa povu la sabuni. Paka povu pale mpira unapoungana na mtungi na jiko. Povu likitoa viputo, kuna tundu, funga, usiwashe. Usipime kamwe kwa kibiriti. Mpira ukipasuka au kuwa mgumu, nunua mwingine. Usiufunge kwa kamba ya mgomba.

Nne, washa kibiriti kwanza, ndipo ufungue gesi. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi kwenye sufuria, jiko halipati hewa sawasawa, lisafishwe. Ukimaliza kupika, funga mtungi wenyewe, si jiko tu.

Tano, hili ni letu sisi wa nchi ya baridi. Ndani ya mtungi gesi ni maji, na ili igeuke kuwa hewa hutaka joto kidogo kutoka nje. Asubuhi ya baridi, mtungi ukikaribia kuisha, moto wake huwa dhaifu. Jambo hilo ni la kawaida. Mtu asiusogeze mtungi motoni ili kuuamsha, wala asiumwagie maji yanayochemka, wala asiuweke juani mahali palipofungwa. Mtungi uliotiwa moto hupasuka na kuua. Ngoja jua lipande, au chai ya siku hiyo ipikwe kwa kuni.

Sita, gesi ni ya kupikia tu. Usilale na jiko la gesi likiwaka chumbani ili upate joto. Nalo katika nyumba iliyofungwa humaliza hewa safi na kutoa ile ile sumu ya makaa. Baba aliuliza ikiwa gesi yaweza kuwapa watoto joto la usiku. Jibu langu: gesi haifai, na makaa hayafai. Kazi hiyo si ya moto kabisa.

Je, watoto wapate wapi joto? Wale wa Marekani niliowasimulia, kabla ya kununua mtambo, huambiwa wazibe kwanza nyumba joto lisikimbie. Nasi twaweza. Bati hulipoteza joto usiku upesi sana. Chini yake weka dari, iwe ya mbao au hata ya mikeka ya matete. Sakafuni tandika mkeka na godoro, maana baridi ya chini huingia mgongoni kuliko ya hewa. Blanketi moja chini na moja juu ni bora kuliko mawili juu. Mvike mtoto soksi na kofia. Tia maji ya moto katika chupa madhubuti, ifunge sana, izungushie nguo, uiweke miguuni pake. Au lipashe tofali jikoni, ulifunge katika gunia, uliweke chini ya kitanda. Watoto walale pamoja. Na dirishani acha tundu dogo juu, maana watu waliolala nao huhitaji hewa. Mambo haya yote pamoja huenda yakawa na bei ndogo kuliko magunia ya makaa ya Juni na Julai.

Na kuota moto? Sikukatazi. Jioni kaeni jikoni au uani, mlango wazi, babu asimulie, watoto wachome mahindi. Lakini saa ya kulala ikifika, moto ubaki huko huko, uzimwe kwa maji au mchanga, kila mtu aende kitandani bila yeye. Makaa yaliyofunikwa majivu usiyaamini, yangali hai.

Basi, baba wa Laela, hili ndilo jibu langu. Usichague kimoja ukitupe kingine. Mvue bibi arusi kitambaa, mpeleke jikoni, apike chai na mboga. Jiko la kuni na magunzi lipike maharage na maji ya kuoga, kwenye mahali penye hewa. Mabati yapate dari, watoto wapate blanketi. Na zile shilingi za mtungi zitengwe mapema baada ya kuuza mahindi au maharage, zisingoje mpaka mtungi uwe mtupu, maana mtungi mtupu hurudi upesi chini ya kitambaa.

Nawe msomaji mwingine, usidhani barua hii ilikuwa ya mtu wa Laela peke yake. Kabla ya kulala leo, inuka, zunguka nyumba yako. Tazama jiko liko wapi. Ikiwa liko chumbani, litoe kwanza, ndipo ukae umalize kusoma gazeti. Kisha mpelekee habari hii jirani asiyejua kusoma, hasa mwenye nyumba mpya iliyokazwa vizuri na mtoto mchanga. Umsomee kwa sauti, naye akusikie kabla baridi ya usiku haijaingia.

Wasalaam, mpaka juma lijalo.